Nani Alimfulia Nguo?

Baada ya makala yenu kuhusu Ralph Waldo Emerson na Henry David Thoreau, waandishi wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, mmewauliza wasomaji: "Anayekataa kufuata umati ni shujaa au ni mbinafsi?" Nimelisoma swali hilo nikitoka zamu ya usiku, na badala ya kulala nimeketi kuandika, kwa sababu naona lipo swali lililostahili kulitangulia: huyo anayekataa kufuata umati, gharama zake hulipwa na nani?

Mimi ni mzaliwa wa Taita ninayeishi Lowell, Massachusetts, mji ambao Mkenya yeyote mwenye jamaa Marekani amekwisha kuusikia, na Concord, walikoishi mabwana hao wawili, si mbali nasi. Kuhusu Emerson sina mengi. Katika insha yake ya mwaka 1841 juu ya kujitegemea anasema yuko tayari kuwaepuka baba, mama, mke na ndugu pindi kipaji chake kinapomwita, kisha anauliza iwapo maskini anaoombwa kuwachangia ni maskini wake. Tuliisoma chuoni, na wenzangu wakaipenda mno. Mimi nilikuwa na orodha ya karo za wadogo zangu mkobani, nikashindwa kuipenda. Kwa haki yake niongeze kwamba katika insha hiyohiyo anakiri kuwa mara nyingine hulegea akatoa dola anayoombwa, na kwamba familia ya rafiki yake Bronson Alcott ilisitirika mara nyingi kwa fedha zake.

Aliyenigusa ni Thoreau, na sababu ni mama yangu. Mama aliletwa huku nilipojifungua, kama mama zetu wengi wanavyoletwa, na baada ya majuma mengi ya kupika uji na kufua nguo za mtoto nilimpeleka Walden, ziwa lenye msitu huko Concord ambako Thoreau aliishi peke yake kibandani kwa miaka kama miwili, ili apumue. Karibu na maegesho kuna kibanda kilichojengwa kwa mfano wa kile cha Thoreau, chenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 15, na ndani mna kitanda, meza, dawati, viti vitatu na mahali pa moto. Mama alikizunguka kwanza kwa nje, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Aliuliza maji yalitoka wapi, nikamwonyesha ziwa. Aliuliza choo kilikuwa upande gani, na hilo sikuweza kumjibu. Alipoingia ndani aliubonyeza ubao wa kitanda kwa kiganja, akavitazama vile viti, ambavyo mwenyewe Thoreau alisema kimoja ni cha upweke, viwili vya urafiki na vitatu vya wageni, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu alikuwa na mama?"

Nikamwambia alikuwa naye, na dada pia, umbali wa mwendo mfupi tu kwa miguu, na kwamba alikwenda kwao mara kwa mara kula. "Basi nani alimfulia nguo?"

Jibu la swali hilo limo katika kitabu chake mwenyewe, Walden, cha mwaka 1854. Thoreau alikuwa mtu wa hesabu. Alitueleza kuwa kibanda kilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu, na alitaja hata bei ya misumari. Lakini anapofika kwenye kufua na kushona viraka anaandika kwamba kazi hiyo ilifanyika zaidi nje ya nyumba yake na kwamba bili bado haijamfikia. Nilipomtafsiria Mama alicheka hadi wageni wengine wakageuka kututazama. Kiwanja chenyewe, nikamweleza, kilikuwa cha Emerson.

Tukiwa njiani kuelekea mahali kibanda cha asili kiliposimama, nilimsimulia habari ya jela nikidhani itamrudishia heshima yule bwana. Mwezi Julai 1846 Thoreau alikwenda mjini kuchukua kiatu kwa fundi, akakamatwa kwa kuwa kwa miaka kadhaa alikuwa amekataa kulipa kodi ya kichwa, kwa sababu hakutaka kuitii serikali iliyoruhusu utumwa. Alilala ndani usiku mmoja. Mtu fulani, ambaye wengi huamini kuwa ni shangazi yake Maria, alimlipia, naye alipofunguliwa alikasirika, akachukua kiatu chake, akaenda na wenzake kuchuma matunda ya porini. Mama alisimama. "Usiku mmoja?" Hapo wasomaji wa Kenya hawahitaji maelezo. Babu yake Mama aliteremka kutoka milimani kwenda kukata mkonge ili apate fedha za kodi ya kibanda na ya kichwa, na hakuwepo shangazi wa kumlipia.

Hadi hapa nilikusudia kuhitimisha kwamba mbinafsi ndilo jibu. Lakini nikiandika nimekumbuka mambo ambayo hayaniruhusu kumaliza kirahisi hivyo. Mama yake Thoreau na dada zake, hao waliopika na pengine kufua, walikuwa katika chama cha wanawake wa Concord waliopinga utumwa tangu mwaka 1837, na tarehe 1 Agosti 1846, siku chache tu baada ya ile jela, chama hicho kilikutana palepale kwenye kibanda. Kwa hiyo huenda walioupinga umati kwanza ni wao, naye alijifunza jikoni kwao. Na insha aliyoiandika kuhusu usiku ule mmoja ilimfikia Gandhi huko Afrika Kusini na baadaye Martin Luther King, kwa hiyo siwezi kuupima kwa urefu wake peke yake.

Pia msitu ule ulikuwa na wakazi wapweke kabla yake. Thoreau mwenyewe anamtaja Zilpah, mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, aliyeishi humo katika kijumba chake akisokota uzi wa kitani, hadi askari Waingereza waliokuwa wafungwa wa vita walipokichoma yeye akiwa hayupo, pamoja na paka, mbwa na kuku wake. Huyo hakuwa na kiwanja cha rafiki wala chakula cha kwao. Watalii ni wachache wanaomuulizia.

Na Mama je? Baada ya kucheka kote kule aliniomba nimpeleke mtoto garini, akabaki kando ya maji muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliporudi alisema kwamba tangu aolewe hajawahi kulala katika nyumba ambamo hakuna anayemwita.

Basi jibu langu, ambalo silo nililoanza nalo, ni kwamba anayekataa kufuata umati si lazima awe mbinafsi, mradi bili ya kufua aiulizie yeye mwenyewe bila kungoja iletwe, na mradi aliyekuwa akimfulia naye apewe zamu yake ya upweke. Sina hakika kama hilo linawezekana kwa mzaliwa wa kwanza mwenye wadogo shuleni, na kwa vijana wanaoacha kazi wakaenda kuishi kwa wazazi huku wakijiita huru, msimamo wangu wa mwanzo haujabadilika. Mama sasa anataka kujengewa chumba kimoja mwisho wa shamba, mbali na nyumba kubwa. Kaka zangu wanakataa, wanasema majirani watadhani tumemfukuza. Fedha za mabati nimekwisha kuzituma.