Kabla Hujamshika Paka, Tazama Sharubu

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye kliniki ya wanyama, kumviringisha paka kwa taulo na kumkata kucha mtajifunza haraka. Mimi nawaambia habari ya sharubu, kwa sababu sikuambiwa na mtu, na paka mmoja alitaabika.

Aliletwa ana jipu shavuni. Nikatumwa ninyoe kuzunguka kidonda, nikapitisha mashine na kufyeka sharubu zote za kushoto. Niliona ni nywele tu. Jioni nikamfungulia kizimba: akatoa kichwa, akagonga ukingo wa mlango kwa shavu lilelile lenye kidonda, akarudi nyuma, akajaribu tena, akagonga tena. Iliniuma sana.

Sharubu yenyewe haina hisia, kama ncha ya ukucha. Kazi iko kwenye shina. Mzizi wake umezama karibu mara tatu ya nywele ya kawaida, umezungukwa na kifuko cha damu na mishipa ya fahamu tele. Hata upepo mdogo ukiipeperusha, shina linatikisika na ubongo unapata habari. Kwa hiyo kukata hakuumi, ila kunampotezea njia. Kuvuta ndiko kunakouma, tena sana. Plasta ya usoni ibandueni taratibu, mkifuata nywele zinakoelekea.

Paka haoni vizuri kitu kilicho karibu sana na pua yake, chini ya sentimita 30 hivi. Akishamkamata panya, sharubu ndizo zinazomwelekeza pa kuuma. Za mdomoni ni kama 12 kila upande. Nyingine ziko juu ya macho, kidevuni, na nyuma ya miguu ya mbele, juu kidogo ya unyayo. Hizo za miguuni wengi hawazijui. Mnaponyoa mguu kutafuta mshipa wa dripu, ziacheni.

Sharubu za mdomoni zikilala pembeni, paka ametulia. Zikielekea mbele, anachunguza. Zikibanwa nyuma mashavuni, anaogopa, na mkono wako uurudishe nyuma hapohapo. Ukimpa kidonge, shika kichwa kwa juu, vidole kwenye mifupa ya mashavu, nyuma ya sharubu.

Mwenye paka akikuletea sharubu moja aliyoiokota kitandani, mtulize: hupukutika mojamoja na kuota tena.

Yule wa jipu alirudi miezi kadhaa baadaye kuchanjwa. Za kushoto zilikuwa zimeota, zimenyooka. Nilimshika kwa nyuma, na hazikubanwa.