Usianze hilo sweta la rafiki yako kabla hujafuma kipande na kukifua

Mkuu, weka sindano chini kwanza. Umesema unamfumia rafiki yako sweta la kumshtukiza siku yake ya kuzaliwa, ukauliza mambo manne: vipimo utavipataje bila yeye kujua, rangi gani, vifungo vya aina gani, na utalificha wapi asilione. Halafu katikati ya maelezo ukapitisha sentensi moja kama vile si kitu: "Kipande cha kujaribia nitakiruka, muuzaji kaniambia uzi huu unaendana kabisa na maelekezo." Kipande hicho ni kile kitambaa kidogo unachofuma kwanza ili uhesabu mishono yako kabla ya sweta lenyewe. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Hayo manne yasubiri.

Na mimi niliruka. Ilikuwa sweta la siri vilevile, la rafiki vilevile. Maelekezo yalitaka mishono 22 kwa kila sentimita 10. Uzi ulikuwa sufu laini, ile iliyotiwa dawa ili iweze kufuliwa kwa mashine. Nilimuuliza muuzaji kama kuna haja ya kujaribu kwanza, akanitazama kana kwamba nimemtukania mzazi. "Lebo si hii hapa? Imeandika 22." Nikaenda kwa yule bingwa wa video, anayefuma huku anacheka na kamera, naye akanihakikishia kwamba kipande ni kupoteza uzi. Mashahidi wawili! Mahakama yangu ikafunga kesi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipima. Katikati ya kazi nililaza futi kamba juu ya sweta likiwa bado kwenye sindano, nikahesabu: 22 kamili. Nikajiona fundi. Nikafunga mishono, nikaunga mabega, nikashona mikono, nikachomeka ncha zote za uzi kwa ndani mpaka zisionekane. Kisha nikaliloweka kwenye maji ya uvuguvugu, maana kazi ya sufu haijaisha mpaka ifuliwe ili mishono ikae mahali pake.

Nilipolinyanyua kutoka kwenye beseni lilikuja zito, mikono inashuka tu, haina mwisho. Nikajipa moyo: ni maji hayo. Nikalikamua ndani ya taulo, nikalilaza bapa likauke. Lilipokauka nikahesabu tena. Mishono 20.

Utasema mishono miwili si kitu. Piga hesabu. Sweta la kifua cha sentimita 110 kwa mishono 22 linahitaji mishono 242 kuzunguka mwili. Mishono hiyohiyo 242, ikilegea ikawa 20 kwa sentimita 10, inakupa sentimita 121. Sentimita 11 zimezaliwa beseni. Na huo ni upana tu, safu nazo zilikuwa zimenyooka kwa urefu. Shingo sitaitaja, bado tuna ugomvi.

Nilimpa hivyohivyo kwa sababu siku ilikuwa imefika. Akalivaa palepale mbele za watu, mikono ikameza vidole vyote, kaba ikatelezea begani, akasema, "Lina joto sana." Rafiki mwema anajua kuchagua neno! Kuna mgeni mmoja aliuliza kwa upole kama kuna mtu mwingine atakayeingia humo. Nilicheka kuliko wote, ili nisionekane ninavyolia.

Sababu nilikuja kuijua baadaye, na ndiyo nataka uielewe kuliko yote. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo yanayoshikana na ya jirani yake. Ukitia uzi dawa ili ustahimili mashine, magamba hayo huondolewa au hufunikwa na utando mwembamba. Faida yake sufu haigandamani ikafanya kitambaa kizito. Hasara yake nyuzi zinateleza. Zikilowa, uzito wa maji unazivuta, mshono unafunguka, na sweta linatambaa. Kwa hiyo ile 22 niliyoipima kwenye sindano ilikuwa kweli kabisa, ila ilikuwa 22 ya sweta ambalo halijaona maji. Hakuna mtu anayevaa sweta la namna hiyo zaidi ya mara chache.

Na lebo? Lebo ni mkono wa mtu mwingine, kwenye sindano zake, kwa mvuto wake. Wewe unabana au unalegeza kwa namna yako, na hakuna kiwanda kinachoujua mkono wako. Muuzaji analijua hilo, lakini donge la uzi limeshalipiwa. Sweta likitoka kama hema, haliji kusimama kwenye kaunta yake. Na huyo bingwa wa video mtazame vizuri safari hii: anakata uzi, anavaa, anazunguka mbele ya kamera, kwaheri. Beseni hulioni. Sijawahi kuona hata video yake moja yenye beseni.

Basi fanya hivi. Chukua uzi uleule na sindano zilezile za sweta, usiniletee za kuazima. Anzisha mishono ya kutosha kupata upana wa sentimita 15 au zaidi, fuma mpaka urefu nao ufike hapo. Pima sentimita 10 za katikati tu, kwa sababu mishono ya pembeni hujikunja na kudanganya. Hesabu mishono, hesabu na safu, andika. Kama sweta lenyewe unalifuma kwa kuzunguka, kipande nacho kizungushe, maana wengi wetu mshono wa kinyume unatoka legevu kidogo kuliko wa mbele, na ukifuma kwa kwenda na kurudi safu za kurudi zinautumia huo wa kinyume, unapata hesabu nyingine.

Sasa kifue. Usikifue kwa adabu zako wewe, kifue kama atakavyofua yeye. Hii ni zawadi, hutakuwepo siku atakapolichanganya na nguo nyingine. Kama ni mtu wa kutupia kila kitu kwenye mashine, kipande kiende mashine. Kama anaanika kwa vibanio, nawe kianike kwa vibanio. Sufu isiyotiwa dawa ikikutana na maji ya moto na msukosuko itagandamana na kusinyaa mpaka sweta la mtu mzima limtoshe mtoto, na hapo hakuna kurudi nyuma. Pamba haina mvuto wa kurudi, na uzito wake unaishusha chini taratibu. Akriliki inavumilia kufuliwa, lakini pasi ya moto inailegeza moja kwa moja, inabaki inaning'inia. Bora yote hayo uyaone kwenye kipande cha kiganja.

Kikikauka kabisa, hesabu upya. Ukipata mishono michache kuliko ya maelekezo, shuka sindano moja. Ukipata mingi, panda moja. Kisha fuma kipande kingine, ndiyo, kingine, na usininunie. Na sindano zitazame kwa milimita, si kwa namba: namba 8 ya Marekani ni milimita 5, namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4. Zote zimeandikwa 8, na zote zitakuapia kuwa ndizo.

Muda? Kipande kinakula jioni yako moja na usiku wa kukauka. Kufumua sweta lililokwisha kufuliwa kunakula roho: uzi unatoka umejikunja vipindapinda, unaukunja upya, unauloweka unyooke, unaukausha, ndipo unarudi mshono wa kwanza ukiwa na hasira.

Haya, vipimo vya siri. Usimpime mtu, pima sweta lake analopenda kulivaa. Siku ukiwa kwake lilaze bapa kitandani, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha urefu kutoka begani hadi pindo, na mkono kutoka kwapa hadi kiganjani. Ila vipimo hivyo ni mapambo kama hujui mishono yako baada ya maji. Huwezi kugeuza sentimita kuwa mishono kwa namba ya kubahatisha.

Rangi chagua unayoiona mwilini mwake kila siku. Muhimu madonge yote yawe na namba moja ya mkupuo wa rangi kwenye lebo, yaani yametiwa rangi pamoja, kwa sababu mkupuo mwingine wa rangi ileile huacha mstari kifuani. Na nunua donge moja la ziada kwa ajili ya kipande. Usikifumue baadaye. Kitie kwenye kifurushi pamoja na sweta: likitoboka, uzi wa kuzibia upo na umeshafuliwa, na akitaka kujaribu sabuni mpya ataijaribia hapo.

Usianze leo usiku. Fuma kipande, piga picha na futi kamba juu yake kabla ya maji, piga nyingine baada ya kukauka, uziweke hapahapa na hesabu zake. Tukishaziona ndiyo tuzungumze kuanzisha mishono ya mwili.