Dada, msimtoe mdogo wenu kwenye methadoni kienyeji

Dada pole, na hongera kwa kumfikisha kliniki, maana wengi huku wanaishia kumfungia ndugu yao chumbani. Umesema mdogo wako anakunywa methadoni, ile dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hospitali ya Mwananyamala, mchana anasinzia na asubuhi analalamika jasho na miayo, sasa mama anasema huo ni unga wa serikali tu, na wajomba wameshaamua aache ghafla apelekwe soba hausi, zile nyumba za kuachia madawa. Mi mwenyewe nakunywa hiyo dawa, kabla ya hapo nilikuwa teja wa kujidunga maskani za Kinondoni, siku hizi nasaidia kutafuta wenzetu wanaokata dozi.

Mwambie mama hivi. Heroini inaisha nguvu baada ya masaa machache, ndo maana teja anahangaika kutwa nzima, asubuhi anatafuta kete ya kutoa arosto, yale maumivu ya kukosa unga, mchana nyingine, usiku nyingine, na hela yenyewe ndo yale masufuria yanayopotea jikoni. Methadoni inakaa mwilini siku nzima na zaidi, dozi ikishapangwa vizuri haikulevyi na arosto haiji, sasa hapo ndo mtu anaweza kukaa akamsikiliza mnasihi. Huwezi kumshauri mtu anayeharisha na mifupa inamuuma, atakuitikia ndiyo ndiyo ili uondoke.

Pale dirishani kliniki unapewa dawa ya maji kwenye kikombe, unakunywa nesi anakuona, alafu anakuongelesha kidogo ajue umemeza, usije ukaificha mdomoni ukaenda kuiuza. Kuna wanaoona ni kudhalilishwa. Mi nilipenda, kuna kipindi huyo nesi ndo alikuwa mtu pekee anayeniuliza nimeamkaje.

Na hii huduma ilipoanza Muhimbili mwaka 2011 haikuwa ishu ya unga peke yake, ilikuwa pia ukimwi na homa ya ini, watu tulikuwa tunachangia mabomba ya sindano, na Dar hii hii kuna waliokuwa wanavuta damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga wanajichoma nayo, eti itawatoa arosto. Kwa hiyo hata kama bado anateleza siku moja moja, mradi anakuja dirishani na hachangii sindano, hapo kuna kitu kikubwa mmeshaokoa, msimfukuze.

Soba sizikatai, kuna washkaji zimewatoa. Ninachoogopa ni kumkata ghafla. Akikaa huko miezi mwili unapoteza uzoefu, siku akitoka akakutana na wa maskani anapiga kipimo kile kile cha zamani na hapo hapo pumzi inakata. Wanaotoka jela wanakufa hivyo hivyo. Akitaka kuacha methadoni ni haki yake, ila aseme yeye sio wajomba, na daktari amshushe kidogo kidogo, inachukua miezi, wengine miaka, wengine hawaachi na wanaendesha bodaboda zao wanalea watoto.

Hilo la kusinzia mchana ulilosema lisemeni kliniki haraka, inawezekana dozi ni kubwa au anachanganya na pombe au valiamu, zile dawa za usingizi, na huo mchanganyiko unaua. Mkimkuta haamki, anakoroma ajabu, midomo imebadilika rangi, msimnyweshe maziwa wala kumwagia maji, mlazeni ubavu mkimbize hospitali, na kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni njia nzima.

Nauli mpe ya siku kwa siku, wengi wanakata dozi kwa kukosa nauli tu. Na mama aende naye siku moja akae na mnasihi, aulize maswali yake yote hata yale ya hasira, wameshayasikia.

Alafu nijibu hili dada, hizo jasho na miayo anazolalamikia asubuhi zilianza baada ya kupewa dawa za TB? Maana rifampisini, moja ya hizo dawa za TB, inaishusha methadoni mwilini, mtu anapata arosto kweli nyumbani mnasema anaigiza. Kama ndo hivyo daktari anatakiwa ampandishie dozi, kesho aende na kadi yake ya TB aionyeshe.