Mke ameshasamehe, mbona kesi ya 911 haifutwi?

SWALI: Habari za kazi wakili. Niko hapa Houston, nina grin kadi (kibali cha kuishi Marekani kudumu). Wiki iliyopita tuligombana na mke wangu juu ya hela nilizotuma nyumbani, akapiga 911, namba ya dharura ya huku, akasema nimempiga. Sikumpiga, nilimnyang'anya tu simu ikakatika, polisi wakaja hivyo hivyo wakanilaza ndani. Nimetoka kwa dhamana na karatasi ya hakimu nisikaribie nyumba siku 61. Sasa mke anasema aliongea kwa hasira, anataka kufuta kesi, na ananipigia nirudi maana watoto wananiulizia. Kuna mzee wa jumuiya yetu anatuandikia barua ya kufuta kwa dola 350. Nirudi?

JIBU: Kaka usirudi. Hata kuchukua chaja.

Mkeo hana kesi ya kufuta. Hii "mwenyewe ameshasamehe" naisikia mpaka imenichosha. Soma juu ya karatasi yako ya mashtaka, imeandikwa Jimbo la Texas dhidi yako, mkeo ni shahidi tu. Kule kwetu tumezoea mtu anaenda kituoni asubuhi anasema afande tumeshayamaliza na wazee, au mlalamikaji haonekani mahakamani mara mbili tatu faili linakufa. Huku anayeamua ni ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti, na hao kila siku wanapokea wanawake waliopigwa kweli kweli wakija kusema walidanganya, kwa sababu anayelipa kodi ya nyumba ndo huyo huyo aliyewapiga, kwahiyo mkeo akija na "nilikuwa na hasira" hawashangai wala hawaamini haraka.

Na wanaweza kwenda mbele hata asipotokea. Ile simu imerekodiwa. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Davis v. Washington, ilikubali rekodi ya 911 itumike japo mwanamke aliyepiga hakuja kutoa ushahidi, kwa sababu alikuwa anaomba msaada wakati jambo linatokea. Hukumu hiyo hiyo ilikataa maelezo ya mwanamke mwingine wa Indiana aliyoyatoa kwa polisi mambo yakiwa yameshatulia. Tofauti hiyo ndo wakili wako ataifanyia kazi, sekunde kwa sekunde, mkeo alisema nini kabla simu haijakatika. Barua ya mzee haigusi hapo.

Alafu hilo "nilimnyang'anya tu simu", tafadhali acha kulisema kwa watu. Texas kumzuia mtu kupiga simu ya dharura ni kosa linalojitegemea, mpaka mwaka mmoja jela na faini mpaka dola 4,000. We unadhani unajitetea kumbe unakiri.

Sasa huyo mzee. Hati ya kuomba mashtaka yasiendelee ipo kweli, ila ni ombi, inaingia kwenye faili na mwendesha mashtaka anaweza kuipuuza. Barua za hawa jamaa nimeziona, maneno ni yale yale wanabadilisha majina, "mimi nilidanganya polisi kwa wivu", mama wa watu anasaini mbele ya mthibitishaji wa saini (notary) bila kujua amejiandikia mwenyewe kosa la kutoa taarifa ya uongo, mpaka siku 180. Kama kweli alisema uongo atafute wakili wake peke yake, sio mimi, sio wako, na sio mzee. Na dada unayesoma hapa usije ukaogopa kupiga 911 ukiwa unapigwa, piga, sema "Swahili", watakutafutia mkalimani.

Kuhusu anakuita nyumbani: soma amri yako taratibu, kuna mstari unasema hakuna mtu, hata yule anayelindwa na amri, anayeweza kukuruhusu kuivunja. Yaani mkeo akikufungulia mlango na ugali mezani, anayekamatwa ni wewe. Na kwa mwenye grin kadi ni mbaya zaidi, tangu 1996 sheria ya uhamiaji inaruhusu mtu afukuzwe nchini kwa kuvunja amri ya namna hii ya kumkinga mwenzake, hata bila hukumu ya jinai.

Wanaume wengi hawaangushwi na ugomvi wenyewe, wanaangushwa na yanayofuata. Mtu yuko ndani, simu ya jela inatangaza kabisa kwamba inarekodi, yeye anamwambia shemeji kwa Kiswahili "mwambieni asije kotini" akidhani hawaelewi. Wanatafuta mkalimani, na hapo kesi ya kofi imezaa kesi ya kuvuruga shahidi. Mwingine anaambiwa akubali kosa, akae chini ya uangalizi wa mahakama miezi kadhaa kisha mashtaka yatafutwa, anafurahi, anafanyiwa sherehe kanisani. Miaka mitano baadae anaomba uraia anaambiwa ulitiwa hatiani, maana kwa uhamiaji kukiri kosa na kuwekwa chini ya uangalizi ni hatia tosha. Tangu Mahakama hiyo ya Juu iamue kesi ya Padilla v. Kentucky mwaka 2010, wakili wa jinai analazimika kukushauri juu ya hilo kabla hujakiri kosa, kwahiyo muulize, na akikujibu "tutaona" tafuta wakili wa uhamiaji akae naye.

Kwa sasa lala kwa ndugu, simu za mkeo usipokee wala usizifute. Ya watoto wakili wako amuombe hakimu airekebishe amri, kwa maandishi.