Wifi, kabla hujawakatia watoto tiketi ya Ujerumani

Wifi, nimesoma ulichouliza kwenye grupu la familia, kwamba ukienda kazini Ujerumani watoto wataiweza shule ya huku, na waliokujibu nimewasoma pia. Eti watoto hawana taabu, lugha huishika wakicheza, miezi mitatu tu Kijerumani chote kishawaingia. Hao waliokujibu wako Likoni na Kisauni. Mimi niko Dortmund na mtoto ninaye, kwa hivyo nisikilize hata kama nitakuudhi.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi ule mkataba wa ajira Septemba 2024, kila mtu yuko safarini. Sawa. Kazi ya uuguzi ipo na cheti unacho. Posho ya watoto nayo si uvumi, mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi. Lakini pesa hiyo haimwondolei mtoto taabu hii ninayokwambia.

Jimbo letu hili, shule ya msingi ni miaka 4 tu. Baada ya hapo watoto wanachambuliwa: huyu Gymnasium, njia ya moja kwa moja ya chuo kikuu, yule Realschule, ya kati, na mwingine Hauptschule, ya chini kabisa, inayoelekea kazi za mikono. Watoto wa miaka 10, wifi! Wangu alikuja akiwa na miaka 9. Wajua alivyokuwa mkali wa hesabu huko. Hapa kugawanya anajua, kuzidisha anajua, ila hesabu zao ni hadithi ndefu za mkulima na mayai yake, na mtoto anakodoa macho tu kwa kuwa hajui ameulizwa nini. Darasani akawa bubu. Mwalimu akaniita, akaniambia kwa upole kabisa kwamba Hauptschule ndiyo itamfaa. Na alama zao ziko kinyume: 1 ndiyo ya juu, 6 ndiyo mkia. Bibi yake aliposikia mjukuu kapata 5 ya Kijerumani alipiga vigelegele kwenye simu, nikamwacha apige.

Nilikataa. Mama mmoja Mturuki ndiye aliyenifungua macho, tukingoja basi: hapa kwetu pendekezo la mwalimu si amri, mzazi ana neno lake. Nikampeleka Gesamtschule, ambako wanasoma wote pamoja na anayeweza anafika mpaka mtihani wa Abitur, ule wa kuingilia chuo kikuu. Jina hilo liandike mahali.

Kwa hivyo yule wako wa miaka 6 mlete upesi, ataanza na wenzake. Huyu wa 13, mwache kwanza kwa mama amalizie masomo. Hapana, usimwache! Akifika 16 ndipo aje kukufuata, sheria inaweza kumdai Kijerumani cha juu hata kabla ya kupewa viza. Mlete, ila aanze kusoma lugha leo huko huko Mombasa, na akifika tu mtie klabu ya mpira ya mtaani. Uwanjani hakuna anayengoja umalize sentensi.

Nyumbani ni Kiswahili, sitaki mjadala. Lakini akirudi shule amejaa Kijerumani mdomoni, mwache akimwage, usimkate. Akinyamaza miezi, usimchape. Huku kumpiga mtoto ni marufuku kisheria tangu 2000, na hata isingekuwa, kofi halimfundishi mtu lugha. Wala usimbebe ofisini awe mkalimani wako. Si vizuri mtoto ajue deni lako kabla ya baba yake.

Na zamu je, umezifikiria? Ya asubuhi huanza saa kumi na mbili. Shule inafunguliwa kama saa mbili, na Disemba saa hizo jua bado halijachomoza. Nafasi ya kubaki shuleni mpaka alasiri iombe mapema, zinaisha. Kaka yangu naye asikwambie atafuata baadaye akishauza kiwanja. Aje nanyi, aamke apike uji, awavalishe watoto makoti na awapeleke shule kwa miguu, maana wewe saa hiyo utakuwa unamwogesha mzee wa watu.