Maswali yenu kuhusu pikapu za kazi: injini gani, daraja gani, mzigo kiasi gani

Kila msimu wa mavuno ukikaribia, maswali ya pikapu huongezeka, kutoka Nakuru hadi Busia. Leo nimechagua ya watu wanaonunua gari la kutafutia riziki, wenye pesa ya gari moja tu na wasio na nafasi ya kubahatisha.

*Nalima viazi Molo na kuuza Nakuru mjini. Nimebaki na magari mawili akilini, Land Cruiser 79 na Isuzu D-Max, yote ya kebini moja. Lipi lina nguvu?*
Mkulima, Molo

Ndugu mkulima, kabla ya kuuliza habari ya gari, angalia shamba lako liko juu kiasi gani. Land Cruiser 79 iliyozoeleka hapa kwetu ina injini ya 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada). Kwenye karatasi inatoa nguvu za farasi zipatazo 129, na nguvu ya kuvuta ya Nm (newton-mita) 285. Injini isiyo na tabo hutumia hewa inayoipata tu, na kadiri unavyopanda hewa huwa nyepesi. Kila mita 1,000 huipunguzia takriban asilimia 10 ya nguvu. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, dereva hajali. Molo iko karibu mita 2,500, kwa hiyo robo ya nguvu imeshapotea kabla hujapakia gunia la kwanza. Ule moshi mweusi unaouona kilimani ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua.

D-Max mpya ya lita 3.0 ina tabo inayoisukumia injini hewa, hivyo mwinuko hauisumbui sana. Inatoa farasi 190 na Nm 450. Hata ile ya lita 1.9, ambayo watu huidharau kwa udogo wake, ina Nm 350. Kwa kupanda na mzigo Molo, D-Max inaishinda 79.

Mbona basi watu bado wanaitafuta 79? Kwa sababu 1HZ ina pampu ya dizeli ya kizamani isiyo na mambo mengi ya umeme, na fundi wa Elburgon anaweza kuifungua na kuifunga bila kompyuta. Chasisi yake ni nzito, tangi lake linabeba lita 130, na ukiiuza baada ya miaka mingi bado ina bei. Gharama yake utaiona petroli stesheni: kilomita 7 au 8 kwa lita ni kawaida, wakati D-Max inaweza kufika 10 na kupita. Kumbuka pia mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, utalipia injini.

Kama shamba liko mwisho wa njia mbovu ya msituni na unataka gari utakalowaachia watoto, chukua 79. Kama kila siku ni lami, Molo hadi Nakuru na kurudi, mimi ningechukua D-Max.

Sasa mzigo. Yote mawili hubeba tani moja na kidogo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, kwa hiyo magunia 20 ni tani. Magunia yaliyoshonewa kofia juu yanaweza kupita kilo 110, na ukipakia 20 ya aina hiyo umebeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Na njia yako ni ya kuteremka! Mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa umeua watu wengi mno. Gari lililozidiwa mzigo nyuma huwa jepesi mbele, usukani haushiki vizuri, na breki zikishapata moto hazishiki kabisa. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, na usiguse nyutro hata kwa mita kumi. Nakuomba sana.

*Mimi ni mkandarasi mdogo Kisumu. Nabeba saruji na wakati mwingine navuta mashine ya kuchanganya kokoto. Nimepata Ford Ranger Raptor kwa bei nzuri. Si ndiyo ya juu kabisa? Basi itabeba kuliko zote.*
Msomaji, Mamboleo

Hapana, kaka, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Daraja la juu halimaanishi mzigo mkubwa. Mara nyingi ni kinyume chake, kwa sababu viti vya ngozi, rimu kubwa, skrini na vyuma vya urembo vina uzito, na uzito huo hukatwa kwenye kile ambacho gari lingekubebea.

Ranger, inayoundwa Silverton kule Pretoria, ina madaraja manne yanayojulikana sana hapa: XL, XLT, Wildtrak na Raptor. XL hadi Wildtrak zina springi za vyuma vya bapa nyuma, zile zinazopangwa chuma juu ya chuma kama za lori. Nyingi kati ya hizo huzunguka tani moja, kutegemea kebini na injini, na zinaruhusiwa kuvuta trela la kilo 3,500 lenye breki zake. Raptor imetengenezwa kukimbia kwenye mchanga na mashimo. Nyuma ina springi za mviringo, laini, na uwezo wake wa kubeba haufiki kilo 750. Kuvuta mwisho wake ni kilo 2,500.

Kwa saruji, maana yake ni hii: toa wewe, toa kijana wa kupakua, Raptor inabaki na nafasi ya mifuko 12 hivi ya kilo 50. XL ya kebini moja itabeba mifuko 17 au 18 bila kulalamika. Chukua XL, au XLT ukitaka starehe kidogo. Pesa inayobaki inunulie tairi nzuri na trela lenye breki zake lenyewe. Trela lisilo na breki halipaswi kuzidi kilo 750.

Kitu kimoja tu kwenye daraja la juu ndicho ningekubali kulipia bila kusita: usalama. Mifuko ya hewa, ABS (breki zisizofunga magurudumu ukikanyaga kwa nguvu), na mfumo unaozuia gari kuteleza kwenye kona. Ukikuta daraja la chini halina hivyo, panda daraja moja juu.

*Nasomba maziwa kwa Hilux, mikebe 20 ya lita 50. Mbona springi zinavunjika kila mara?*
Msomaji, Kiminini

Tuhesabu pamoja. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03, kwa hiyo lita 1,000 ni kilo 1,030. Mkebe mtupu wa alumini una kama kilo 10, hivyo mikebe 20 ni kilo 200 zaidi. Wewe na msaidizi wako, kilo 150. Jumla kilo 1,380, na bado sijahesabu ule uzio wa vyuma uliochomelewa jua kali.

Mikebe 14 itakufikisha karibu tani moja. Usikubali fundi akuongezee vyuma vya springi ili ubebe 20, kwa sababu springi ngumu haibadilishi ekseli, beringi, breki wala chasisi. Itahamisha tu mahali pa kuvunjika, na springi ni nafuu kuliko ekseli. Kama maziwa ni mikebe 20 kila asubuhi, kazi yako imeshapita pikapu. Tafuta Canter au Isuzu NKR iliyotumika.

*Ndugu yangu yuko Marekani, anataka kunitumia Ford F-250 ya dizeli. Nataka kuitumia kubebea mbao Kakamega. Unasemaje?*
Msomaji, Malava

Ni gari la ajabu, na naelewa unavyolitamani. F-250, Ram 2500 na Chevrolet Silverado 2500 ni pikapu za daraja zito la Marekani. Injini ya dizeli ya F-250 ni V8 ya lita 6.7, ya Ram ni Cummins ya lita 6.7 yenye silinda sita kwa mstari, na ya Silverado ni Duramax ya lita 6.6. Nazo zina madaraja yake: Ford huanza na XL ya kazi, ikapanda XLT, Lariat, King Ranch hadi Platinum, na Ram huanza na Tradesman. Wamarekani wanaofanya kazi za ujenzi hununua yale ya chini, kwa sababu ileile niliyompa mkandarasi wa Kisumu.

Lakini usimruhusu ndugu yako alipe chochote. Magari hayo yana usukani kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto. Lazima pia liwe halijazidi miaka 8. Kuna watu Australia wanaohamisha usukani wa pikapu za Kimarekani kwenda kulia, ila hiyo ni kazi ya kiwandani yenye bei yake, si ya gereji ya mtaani.

Hata ungevuka hapo, kuna dizeli. Injini hizo za siku hizi zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi na hutumia AdBlue, maji maalumu ya kusafisha moshi. Zimeundwa kwa dizeli ya Marekani, ambayo salfa yake haizidi sehemu 15 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50. Salfa ikizidi, mitambo hiyo ya ekzosi huharibika mapema, na spea zake hutazipata Kakamega wala Kisumu. Kisha kuna urefu: F-250 ya milango minne huanzia mita 6.3 hivi, Hilux ina mita 5.3. Jaribu kuigeuza kwenye njia za shambani Malava. Na kwa kuwa uzito wake ukiwa na mzigo unapita kilo 3,500, ni gari la kuingia mizani pale Webuye pamoja na malori.

Mwambie akutumie pesa badala ya gari. Kwa mbao, Land Cruiser 79 ya kebini moja inatosha, na hapo Kakamega hakuna mwinuko wa kuisumbua kama Molo.

*Nakaa Ahero. Mvua ikinyesha udongo mweusi unatunasa. Ninunue 4x4 au 4x2 yenye tairi za matope?*
Mama muuza mchele, Ahero

Mama, kwa udongo wa uwanda wa Kano, huko kwenu, nunua 4x4. Pikapu ya 4x2 isiyo na mzigo ina nyuma nyepesi, na magurudumu ya nyuma ndiyo pekee yanayosukuma. Tairi za matope zitasaidia wiki ya kwanza ya mvua, kisha udongo ule utajaa kwenye meno na tairi itakuwa laini kama chupa. Uliza pia kama ina loki ya difu ya nyuma, yaani kifaa kinacholazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma kuzunguka pamoja: bila hiyo, gurudumu moja likizama ndilo litakalozunguka peke yake, na lililo pakavu litasimama.

Ukitoka matopeni na kuingia lami ya kwenda Kisumu, rudisha 4x2 mara moja. Pikapu nyingi za kazi hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na ukikata kona kwenye lami kavu ukiwa kwenye 4x4, gia na shafti hukazana hadi kitu kivunjike.

*Hilux 2.8: otomatiki au manyuo?*
Dereva, Bungoma

Kwa kuvuta mzigo, otomatiki. Toyota imeiwekea Nm 500, ya manyuo (gia za mkono) ina Nm 420. Kwa dereva wengi wanaobadilishana gari moja, otomatiki pia inakuepusha na klachi zinazoungua.

*Je, pikapu zilizotumika kutoka Uingereza ni salama? Bei zake ni nzuri na usukani uko kulia.*
Mwalimu, Webuye

Nyingi ni nzuri, mwalimu, ila lala chini ya gari kabla ya kuangalia kiti. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hula chasisi kutoka ndani. Chukua nyundo ndogo, gonga chasisi nzima, hasa pale springi za nyuma zinaposhikilia. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bubu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari pekee ni sababu ya kugonga zaidi. Kisha uliza kama lina tangi la AdBlue, kwa ajili ya ile shida ya salfa niliyomweleza msomaji wa Malava, na umwombe muuzaji aliwashe gari likiwa limepoa. Taa ya injini ikibaki inawaka baada ya injini kunguruma, usilipe hata amana.