Barua kwa mwanangu: Maana yake nini?

Mafinga, Jumapili jioni

Kamwene mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu kama umpeleke Baraka kwenye ile shule ya Kikristo ya mfumo wa kale, kwa sababu wanafundisha Kilatini na mtoto ana miaka 7 tu. Kilatini hakinisumbui. Sisi tunabadili mwanzo wa neno, wao wanabadili mwisho. Agricola puellam videt, mkulima anamwona msichana. Pangua maneno utakavyo, ile -m ya puellam bado inakuonyesha anayeonwa ni nani. Mtoto anayesema "kitabu kizuri kimepotea" upatanisho anao tayari. Mfundishe ngeli za Kiswahili kwanza.

Ninachotaka kujua mimi ni nani atamuuliza "maana yake nini?", na lini.

Shule za mfumo huo hupanda ngazi tatu: sarufi ya kukariri misingi, mantiki ya kuchambua hoja, balagha ya kushawishi. Ngazi hizo zilikuwepo tangu shule za zama za kati. Dorothy Sayers, mwandishi Mwingereza, akihutubia Oxford mwaka 1947, alizilinganisha na ukuaji wa mtoto. Mdogo anapenda kukariri, basi mkaririshe. Dakika 15 kabla ya uji, amri 2 za Mungu kwa wiki, za nyuma zirudiwe Jumamosi. Asipewe mpya kabla ile ya jana haijatoka bila kusita. Ukimrundikia zote 10 kwa wiki moja, mwezi ujao atabaki na tatu.

Kosa kubwa hutokea akifika miaka 12 na bado anakaririshwa tu, wakati ubishi umeshamwingia. Unaikumbuka ile jioni ya amri ya tano. Ulikuwa na miaka 13, ukauliza: kama Mungu amesema usiue, mbona Daudi alisifiwa kwa Goliathi? Marehemu baba yako akasema, "Kula." Nami nikakusogezea mboga. Hukuuliza tena swali la Biblia mezani kwetu.

Lile lilikuwa swali la mantiki safi: neno moja, maana moja au mbili? Na jibu lilikuwepo. Kiebrania cha amri hiyo kina neno ratsach, ambalo kwa kawaida halitumiki kwa askari vitani. Habari ya Daudi ina neno jingine. Martin Luther mwenyewe, kwenye Katekisimo Ndogo ya 1529, kitabu chake cha maswali na majibu ya imani, hakuacha amri hata moja bila kuuliza maana yake nini.

Labda nakosea. Mtoto akizoeshwa kubisha mapema atabishia hata sala. Lakini hapana, ndiyo maana sarufi hutangulia: awe na kitu kichwani kwanza. Kisha mpe ya kuchambua: "Wanafunzi wote wa shule hii wanavaa sweta. Juma anavaa sweta. Basi Juma ni mwanafunzi wa shule hii." Mtoto wa Mafinga aseme kosa liko wapi, maana huku kwa baridi hii hata muuza mahindi ana sweta. Akiweza kulionyesha bila kumdharau aliyelisema, yuko tayari kwa balagha, yaani kuandika na kusimama kusema mpaka wenzake washawishike.

Sikuambii umpeleke wala usimpeleke. Mtoto ni wako na mumeo. Ila ukienda kuiona, usikae darasa la kwanza wanakoimba vizuri. Kaa nyuma ya darasa la saba, uhesabu maswali ya wanafunzi, na usikilize mwalimu anajibu nini likija gumu.

Katekisimo ya baba yako nimeifunga kwenye kitenge. Itakuja na basi la Jumatano.

Mama yako